Ami Aliyekula Mlango

Mwaka 1985, nyumbani kwetu London, kompyuta ilimshitaki ami wangu kuwa kala mchana wa Ramadhani. Alichokula, kwa mujibu wa kompyuta, ni mlango.

Mashine yenyewe ilikuwa ZX Spectrum yenye kumbukumbu ya 48K, vibonye vya mpira, haina hata swichi; ukitaka kuizima unachomoa waya. Ndani yake kulikuwa na The Quill, programu ya Graeme Yeandle iliyotoka 1983. Uzuri wake, unatunga mchezo wa maandishi bila kujua lugha yoyote ya kompyuta. Unajaza majedwali tu: mahali, vitu, maneno atakayoandika mchezaji, na kitakachomfika akiyaandika. Michezo ya aina hiyo niliyoijua ilikuwa ya Kiingereza, mapango na mazimwi. Wangu ulikuwa wa Kiswahili: uko ndani ya nyumba Malindi, Unguja, mlango umefungwa, ufunguo uko chini ya mkeka.

Kanda ya kaseti yenye mchezo ilipokubali kuingia kwenye mashine (zama hizo hilo peke yake lilistahili dua), nikamwita ami aucheze.

"Ami, andika fungua mlango."

"Nimwamrishe nani? Hata salamu hatujapeana."

Akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu: NINAOMBA KUFUNGUA MLANGO.

UMEKULA. UMESHIBA. ALHAMDULILLAHI.

Ramadhani ile iliangukia Mei na Juni, na London jua linakuchwa saa tatu usiku. Hapo ilikuwa alasiri. Ami akaisoma mara mbili, akaandika: NINASEMA SIJALA.

UMEKULA. UMESHIBA. ALHAMDULILLAHI.

NINA SAUMU MIMI!

UMEKULA. UMESHIBA.

"Inanisingizia hii," akasema. "Tena inamshukuru Mungu juu!"

Kutoka jikoni shangazi akauliza, "Kala nani?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamini.

Nikaanza msako. Jedwali la matukio nililipitia mstari kwa mstari, liko sawa. Ufunguo uko chini ya mkeka, umetulia. Nilipofika kwenye jedwali la maneno ndipo nikamwona mchawi. Kumbukumbu ya mashine ni ndogo, kwa hiyo The Quill huweka herufi nne za mwanzo za kila neno, zinazobaki haina habari nazo. Mwingereza humtosha hizo, kitenzi chake kiko mbele. Cha kwetu hutanguliwa na msafara, nani na lini, ndipo chenyewe kinawasili, na herufi nne zimekwisha zamani. Binamu yangu mdogo alikuwa ameng'ang'ania NINAKULA liwemo, na mashine ikaweka NINA, maana yake kula. Basi ninaomba ni kula, ninasema ni kula, ninakufa ni kula. Na kwa kuwa jibu la kula lilikubali kitu chochote, mlango nao ukaliwa.

Nikalifuta NINA. Ami akakubali kuamrisha, kwa sharti aanze na tafadhali. Mashine ikawa inairuka tafadhali kama haikuiona, lakini yeye moyo wake ulitulia. TAFADHALI ANGALIA KITANDA, akaandika.

KIMECHAKAA. JALADA LIMENYOFOKA, KURASA NYINGI HAZIPO.

"Kitanda hiki?"

Mimi mchezoni nilikuwa na kitabu tu. Lakini kitabu, kitanda, kitambaa, kitana, kwa mashine vyote ni KITA. Ami akajaribu kuomba kitambaa, akapewa kitabu. Akaomba kitana, akaambiwa tayari anacho. Aliyetunga mchezo huu, akasema, amekulia Ulaya.

Ilipoingia magharibi tukafuturu. Kabla hata ya uji, ami akarudi kwenye mashine na tende mdomoni, akaketi wima kama anayekwenda kutoa ushahidi mahakamani, akaandika: NINAKULA TENDE.

Mashine ikamjibu, tena kwa Kiingereza, kwamba haielewi anachosema.

Ami akanigeukia, shavu limetuna, akanyoosha kiganja kunionyesha kokwa.