Maana 430 za "set": lawama imezidi

Anayetafuta kitenzi "set" katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989, hukutana na maelezo ya maneno yapatayo 60,000 na maana takriban 430. Takwimu hiyo imegeuzwa fimbo. Wanaoshikilia kwamba kila neno lingepaswa kuwa na maana yake moja huitaja kila mara kuonyesha kuwa Kiingereza ni lugha ya vurugu, na kwamba mgeni anaonewa.

Hoja yao si ya kupuuzwa. Machi 27, 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, rubani msaidizi wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, alisema redioni kwamba sasa wako "at take-off", yaani kwenye kuruka. Mwongoza ndege akaelewa kuwa wamesimama mwanzo wa njia, wanasubiri ruhusa. Kumbe ndege ilikuwa imeshaanza kukimbia ndani ya ukungu, na mbele yake ilikuwepo Boeing ya Pan Am, shirika la Marekani. Walikufa watu 583. Zilikuwepo sababu nyingine, ikiwemo sauti za redio kuingiliana, lakini baada ya hapo "take-off" iliwekewa mipaka: hutamkwa tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na penginepo husemwa "departure", kuondoka. Kwenye kazi ya namna hiyo, neno moja liwe na maana moja. Hapo sibishani na mtu.

Ninachokataa ni kuichukua kanuni ya uwanja wa ndege na kuhukumia lugha nzima. Tuitazame hiyo 430 kwa karibu. Ndani yake mna maana zilizokufa zamani, ambazo Mwingereza wa leo mwenyewe hazijui. Katika maelezo hayo hayo ya kamusi mna pia misemo kama "set off" ya kuanza safari na "set in" ya baridi iliyokwisha kukita. Mna tofauti ndogondogo za matumizi ambazo mtunga kamusi, kwa haki ya kazi yake, huzipa namba kila moja. Anayesema mwanafunzi ana maana 430 za kujifunza amehesabu kazi ya mhariri, hakuhesabu kazi ya mzungumzaji.

Sehemu kubwa ya kinachobaki ina shina moja: "settan" ya Kiingereza cha Kale, yaani kufanya kitu kikae. Uhusiano wake na "sit" ni ule wa ketisha na keti. Ukilishika hilo, mengi yanajipanga yenyewe: mtego unaotegwa, meza inayoandaliwa, bei inayopangwa, mfupa uliovunjika unaorudishwa mahali pake, saruji inayoshika. Sisi tuna kitenzi kwa kila kimoja. Wao wanatumia kimoja, na hawapotezani, kwa sababu nomino iliyo jirani imeshamaliza utata.

"Set" ya sufuria, ile tuliyoikopa tukaiita seti, ina ukoo mwingine. Ilitoka Kifaransa cha Kale, "sette", na nyuma yake Kilatini, "secta", kundi la wafuasi. Maneno mawili ya asili mbalimbali yakakutana katika umbo moja, yakaathiriana, na watu wakaendelea kuelewana karne kwa karne.

Nasi tuna piga. Tunapiga simu, pasi, deki, mbizi, hodi, kura na magoti, na mtoto ambaye hajaanza shule anaelewa papo hapo.

Ushahidi ulio mzito kwangu ni wa mwanaisimu Mwingereza, Charles Ogden. Mwaka 1930 alitoa Kiingereza chepesi kwa ajili ya wageni: maneno 850, vitenzi 18 tu. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini vitenzi hivyo vichache ilibidi vibebe kazi ya maelfu vilivyoachwa. Badala ya "continue" ukaja "go on". Badala ya "surrender" ukaja "give up". Mgeni anayejua "give" na anayejua "up" hawezi kubuni kwamba vikikaa pamoja maana yake ni kusalimu amri. Maneno yalipunguzwa, maana zikarundikana juu ya yale yaliyobaki. Wanaotaka lugha isafishwe wana deni la kulijibu hilo, na sijaona wakilijibu.

Kwa hiyo mwalimu anayewakaririsha wanafunzi orodha ndefu ya maana za "set" anawachosha bure. Awape shina, kisha awape neno pamoja na jirani yake: "set" na mtego, "set" na meza, "set" na bei. Orodha waiachie kamusi, ambayo kwa "run" imeshafika maana 645.