Kabla ya barua ya kumsimamisha, apimwe malaria
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anashikilia kwamba mwanachuo anayevuruga kipindi asimamishwe masomo siku hiyo hiyo, ili wenzake wasome kwa utulivu. Kwa mkorofi wa kawaida sina ubishi, ila nimekuwa mlezi wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Tabora, na nimeona barua ya namna hiyo ikiandikwa kwa haraka mno. Kijana mmoja, mpole tangu alipoteremka kwenye treni ya Kigoma, alisimama ghafla darasani akamfokea mkufunzi maneno yasiyoeleweka. Wakati baadhi yetu tukijadili adhabu, matroni (aliyewahi kuwa muuguzi) alimgusa shingo, akaagiza apelekwe hospitali ya Kitete, na kipimo kikaonyesha malaria kali. Katika mikoa yetu hii yenye malaria nyingi, mtu anayebadilika tabia ghafla hupimwa damu kwanza. Hata asipokutwa na homa, huenda ana msiba au hajalala siku kadhaa, na kumrudisha nyumbani peke yake, safari ya usiku kucha, ni kumwongezea hatari. Je, vyuoni kwenu ni nani huzungumza na mwanafunzi kabla kamati ya nidhamu haijaketi?