Ukoko wa Makusudi

Kwetu Morogoro ukoko wa ugali ulikuwa na wenyewe. Mama akishapakua, sufuria lilirudishwa kwenye makaa yaliyobaki, nasi watoto tukakaa kulizunguka tukingoja lile gamba likauke na kuanza kujibandua pembeni. Aliyeosha vyombo ndiye aliyekuwa na haki nalo. Ndiyo maana zamu ya kuosha vyombo iligombaniwa siku za ugali na kukimbiwa siku za ndizi.

Nilikaa Tennessee, kusini mwa Marekani, miaka mitatu kabla ya kugundua kwamba kuna watu wanaopika ukoko mtupu, bila ugali.

Wenyewe huita chakula hiki, kwa tafsiri yangu, mkate wa mahindi wa maji ya moto. Msiuchanganye na ule unaookwa kwa mayai na maziwa mgando, ukakatwa vipande kama keki. Huu ni unga wa mahindi, chumvi na maji yanayochemka, unafinyangwa viganjani kuwa vidonge bapa na kukaangwa. Basi. Anayedondoshea kijiko cha mafuta kwenye unga simgombezi. Lakini siku hizi naona mapishi ya Waswahili wenzangu wa huku Marekani yakiongezwa yai, ngano, hamira, sukari, hata iliki. Iliki! Hao hawana kosa la jinai, ila wamepika andazi la mahindi, na waliite hivyo.

Ubishi wangu si wa roho mbaya. Chakula chenye vitu vitatu hakina pa kujificha. Ukiona kinakushinda, tatizo liko kwenye kimojawapo cha hivyo vitatu, na mara nyingi ni maji. Mimi mara ya kwanza nilichukua maji ya moto ya bomba, nikajiona mjanja. Vidonge vilishikana vizuri mkononi, vikaingia kwenye mafuta, vikasambaratika vyote. Nilibaki na mchanga wa mahindi unaoelea. Jirani yangu, mama wa makamo aliyezaliwa mtaa huohuo, alichungulia lile kaango na kuuliza swali moja tu: birika lilipiga filimbi?

Halikupiga. Na mla ugali nilipaswa kujua. Mahindi hayana ule mnato wa ngano unaoshika chapati. Kinachoyashikanisha ni wanga wake wenyewe, nao hauvimbi na kunata mpaka upate joto la nyuzi 70 hivi. Maji yakishagusa unga wa baridi ndani ya bakuli la baridi hupoteza joto palepale, kwa hiyo lazima yatoke jikoni yakitokota. Tofauti na ugali ni kwamba huku bakuli haliko motoni, na badala ya unga kufuata maji, maji ndiyo yanaufuata unga. Vikombe viwili vya unga, kijiko kidogo cha chumvi, kisha kikombe kimoja na nusu cha maji ukimimina kidogokidogo huku unakoroga. Usimalize yote kwa sababu nimesema mimi. Unga mwingine unakunywa kuliko mwingine. Unatafuta donge laini kuliko ugali wa kawaida, linaloshikika lakini linalong'aa kwa unyevu. Funika dakika kumi. Hizo dakika kumi watu huziruka, kisha wanalalamika kwamba katikati kuna chengachenga.

Kuhusu unga, aliye Marekani asome mfuko vizuri, maana mingi imeshatiwa kiumulio kiwandani na ukitazama haraka hutaona tofauti. Huo utakupa kitu kilichojaa hewa, laini ndani na nje. Aliye Tanzania achukue dona, kwani sembe laini sana hugeuka gundi.

Mafuta yawe kina cha sentimita moja, yapate moto kweli, na kaango liwe la chuma kizito. Frampeni nyepesi hupoa ukitia kidonge cha kwanza, na kidonge kilichoingia kwenye mafuta ya uvuguvugu huyanywa. Watu wa huku hurithishana makaango haya kama sisi tunavyorithishana vinu. Kiwanda cha Lodge, kilichoanzishwa mwaka 1896, bado kinayatengeneza South Pittsburg, mji mdogo wa Tennessee ambao tangu 1997 una hata tamasha lake la mkate wa mahindi. Lowanisha viganja unapofinyanga, lakini kung'uta maji kabla hujasogelea mafuta. Kovu la mkono wangu wa kushoto lina habari zaidi. Dakika nne upande mmoja, nne upande wa pili, na usikibinyebinye.

Kuna binamu yake wa mviringo, mwenye kitunguu na maziwa mgando, anayeliwa na samaki. Huitwa hush puppy, yaani mbwa nyamaza, na kila mtu ana hadithi ya mbwa waliotupiwa vidonge ili waache kubweka. Mimi napenda zaidi jina la zamani la South Carolina, mkate wa red horse, kutokana na samaki wa mtoni. Aliyesifika kwa kuukaanga ni Romeo Govan, mtu aliyezaliwa utumwani, akipikia wageni kando ya mto Edisto. Mtamu sana, lakini si ukoko.

Huu wa maji ya moto una asili kwenye mahindi ya wenyeji wa kusini-mashariki, Wacherokee, Wachoctaw na Wachickasaw, kisha ukapita mikononi mwa watumwa. Frederick Douglass, mwandishi aliyetoroka utumwani, aliandika mwaka 1845 kwamba posho ya mtumwa mzima katika shamba alikokulia Maryland ilikuwa, kwa mwezi, ratili 8 za nyama ya nguruwe au samaki wa kulingana nayo, na busheli moja, yaani lita 35 hivi, ya unga wa mahindi. Mayai hayamo. Sukari haimo. Kwa hiyo mtu akiniambia ameuboresha, namuuliza: uliharibika lini?

Najua ugomvi wa sukari ni mkubwa hapa, na jirani yangu mwenyewe hutia kijiko kimoja kwenye ule mkate wake wa kuokwa. Kwenye huu hatii. Anayetaka utamu apakae asali sahani ikishafika mezani.

Na sahani yenyewe ndiyo iliyonimaliza. Siku ile aliponialika kwake, kando ya vidonge aliweka majani yaliyochemshwa taratibu na bata mzinga wa kukaushwa kwa moshi, na kunde zenye jicho jeusi. Yale majani wenyewe huyaita collard. Mimi niliyatazama nikaona sukuma wiki. Mchuzi wa majani aliuteka kwenye kikombe, akanionyesha namna ya kuchovya: unamega kidonge, unakizamisha upande mmoja tu, ule mwingine ubaki mkavu ili ulie mdomoni.

Nilimega kwa mkono wa kulia bila kufikiri, nikabonyeza kwa kidole gumba kutengeneza kishimo. Aliniangalia, akacheka, akauliza nimejifunzia wapi. Kisha nikaomba kuosha vyombo.