Tuwafundishe wanafunzi kushuku picha, na kuziamini pia

Juni 1994, majarida mawili ya Marekani, Time na Newsweek, yalitoka wiki moja yakiwa na picha ileile jaladani: ile aliyopigwa O.J. Simpson, nyota wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, na polisi alipokamatwa akishukiwa kwa mauaji. Newsweek waliichapisha kama ilivyo. Time walimpa msanii aibadilishe; uso ukatiwa giza, namba ya mahabusu ikapunguzwa ukubwa. Ukilitazama jalada hilo peke yake huoni kasoro. Ukiyaweka sambamba, upande mmoja unaona mshukiwa, wa pili unaona mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Wanaotaka uchambuzi wa picha ufundishwe shuleni wana haki kutaja mifano ya namna hii. Siku hizi hata picha ya awali haihitajiki: Machi 2023 watu wengi waliamini kwamba Papa Francis alivaa koti jeupe lililotuna, kumbe picha ilitengenezwa kwa akili mnemba.

Wenye mashaka na somo hili nao wana hoja, na naiona nzito. Anayefundishwa kushuku kila picha hujifunza upesi kukana asichopenda kukiona. Kusema tu "hiyo imehaririwa" kunamaliza mjadala, na anayepona ni mtenda maovu aliyenaswa waziwazi.

Jenerali Eisenhower, kamanda wa majeshi ya Muungano barani Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia, aliliona hilo mapema. Aprili 1945, alipofika kwenye kambi ya mateso ya Wanazi ya Ohrdruf, Ujerumani, hakuridhika na kamera pekee. Aliomba wabunge na wahariri waletwe wajionee, akihofia kwamba siku moja ushahidi ungeitwa propaganda. Picha za kambi zile zina mashahidi, tarehe na mahali. Ndiyo maana anayezikana leo anaweza kujibiwa.

Kwangu mimi somo lifundishwe, ila lisiishie kwenye kuwinda kasoro, vidole sita na vivuli vilivyopinda. Vidole hivyo programu mpya za kutengeneza picha zinazidi kuvirekebisha. Afadhali mwanafunzi aulize nani alipiga, lini, nini kiliachwa nje ya fremu, maelezo yaliandikwa na nani, nani mwingine alikuwepo. Akiridhika na majibu, aachwe aamini, hata akasirike kwa alichokiona. Ningependa nusu ya picha za mtihani ziwe za kweli, na anayezikana apoteze alama zilezile anazopoteza anayeamini za kughushi.