Kuingia korongoni peke yako: kosa la Ralston lilikuwa wapi?

Tarehe 26 Aprili 2003, Mmarekani Aron Ralston, mwenye umri wa miaka 27, alikuwa akishuka peke yake korongo jembamba la Blue John, jimboni Utah, pale jiwe la kilo 360 hivi lilipoporomoka na kuubana mkono wake wa kulia ukutani. Hakuna aliyejua alikokwenda. Siku ya sita, maji yakiwa yamemwishia, aliuegemea mkono ule kwa uzito wa mwili mpaka mifupa ikavunjika, akaukaza kwa mpira uliotoka kwenye mfuko wake wa maji ili kuzuia damu, akaukata kwa kisu butu. Baada ya hapo bado alikuwa na ukuta wa mita 20 hivi wa kushuka kwa kamba, mkono mmoja, na kilomita kadhaa za kutembea juani.

Wanaotaka watu wakatazwe kuingia nyikani peke yao hulitaja sana tukio hili, na hoja yao ina uzito. Kama angekuwa na mwenzake, huyo asingelinyanyua jiwe lile, lakini angewahi kuita msaada siku ileile.

Hata hivyo, marufuku ya jumla siikubali. Kilimanjaro kila mpandaji lazima awe na mwongozaji mwenye leseni, nami naona ni sawa kabisa, kwa sababu ugonjwa wa mwinuko, uletwao na uhaba wa hewa juu mlimani, huvuruga akili na mgonjwa mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Jangwa la Utah halina hatari hiyo. Ralston bado aliweza kupanga la kufanya, na ujuzi wake wa kamba ndio uliomtoa.

Wengine husema angeaga tu, yangekwisha. Kuaga ni lazima, lakini msako huanza pale mtu anapochelewa kurudi. Ralston hakuonekana kazini, mama yake akahangaika mpaka akatafutwa, na gari lake likapatikana. Lakini helikopta ilimkuta ameshatoka korongoni, akiwa na familia ya watalii Waholanzi aliokutana nao njiani. Kama angekuwa bado kwenye ufa ule, rubani asingemwona. Hata vifaa vya kutuma ishara ya hatari kwa setilaiti, ambavyo Marekani iliviruhusu kwa raia nchi nzima Julai mwaka uleule, vinahitaji anga wazi.

Ndiyo maana natofautisha njia na njia. Penye anga wazi, mtu aende peke yake akitaka, mradi amwachie mtu mmoja jina la njia na saa ya kurudi, na huyo ajue ampigie nani saa ikipita. Kwenye korongo lililofunika anga asiingie bila mwenzake, hata awe fundi wa kamba kiasi gani.