Acheni Majina Yapite
Filamu inapofika mwisho, muziki wa kufungia ukaanza na majina ya walioitengeneza yakaanza kupita, ndipo programu za kutazamia filamu kwenye intaneti zinapoamua kwamba mtazamaji amemaliza: picha inasinyaa hadi kona moja ya skrini, tangazo la filamu nyingine linajitandaza, na sekunde zinaanza kuhesabiwa. Huo ni ukosefu wa adabu. Hadi miaka ya 1960 filamu nyingi zilitaja watu wake mwanzoni, kwa ufupi. Orodha ndefu ya mwishoni ilizoeleka baadaye, ikawapa nafasi mafundi wa taa, wahariri wa sauti, washonaji wa mavazi na hata madereva, watu ambao hadhira haina njia nyingine ya kuwajua. Mimi hupenda kujua ni nani aliyeimba wimbo wa mwisho, na jina lake huwa humo humo, kwa herufi ndogo, karibu na tamati. Kitufe cha kuendelea kutazama majina kipo, lakini hutoweka upesi. Mpangilio wa kuizuia filamu inayofuata isijianzishe yenyewe nao umezikwa ndani ya menyu ya akaunti, ilhali mtazamaji angepaswa kuulizwa anachopendelea siku ile ile anapojiunga.