Rikasheni bila breki

Jamani hii aibu yangu ya darasani acha niimwage tu, maana wenzangu idarani mpaka leo wananitania. Nilikuwa na darasa la utangulizi wa programu, watu 300 na ushee kwenye ukumbi wa safu 20, ukisoma slaidi dakika kumi nusu wako kwenye simu nusu wamelala macho wazi. Tukaambiwa tubadilishe mbinu, wanafunzi waigize, wajadiliane wawili wawili. Nikasema poa, leo rikasheni, yaani ile fankisheni (kipande cha programu chenye kazi yake) inayojiita yenyewe ifanye kazi tena, tunaicheza kwa miili.

Binti wa safu ya mwisho anataka kujua yuko safu ya ngapi bila kuhesabu. Anamuuliza wa mbele yake, naye hajui, anamuuliza wa mbele yake, hivyo hivyo mpaka chini, halafu jibu likirudi kila mtu anaongeza moja na kulipeleka nyuma. Aliyeuliza anasimama mpaka ajibiwe, hiyo ndo steki yenyewe, lile rundo la miito inayongoja majibu. Swali likateremka, watu wanasimama mmoja mmoja, mimi nimekunja mikono kifuani najiona bingwa.

Kumbe wa safu ya kwanza sikumwambia kwamba yeye haulizi mtu, anajibu "1" basi. Yaani sharti la kukoma, pale fankisheni inapoacha kujiita, kitu chenyewe nilichokuja kufundisha, nimekisahau mimi! Kijana akatazama mbele, hakuna mtu. Akanitazama mimi, nami namkonyeza aendelee. Akainuka na utiifu wake, akatoka nje.

Huku 19 wamesimama wanangoja. Mmoja kaegemea kiti, mwingine anauliza kama hii itatoka kwenye mtihani.

Mara huyo anarudi anahema, nyuma yake mkuu wa idara, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Kijana kamkuta koridoni kamuuliza, "Samahani mzee, uko ya ngapi?" Mzee akadhani anaulizwa ofisi, akasema 14. Kijana bila hiyana akaongeza moja, "15!", wa nyuma yake "16!", likapanda hivyo mpaka binti wa juu kabisa akapaza sauti, "Thelathini na nne!"

Safu 20! Na mbaya zaidi hakuna hata mmoja aliyekosea kujumlisha. Makofi yakapigwa. Mkuu akaninong'oneza, "Mwalimu, hawa wamesimamishwa kwa kosa gani?"

Kwenye mtihani nikauliza rikasheni inaishia wapi. Walioandika "kwa mkuu wa idara" hawakuwa wachache, na niliwapa nusu maksi, ningefanyaje, wao walikuwepo.